Mlango wa Aliide

Saa nane usiku simu inalia.
Ni Bibi Aliide, wa Mtaa wa Njegere,
sauti imemkauka kama mkate wa juzi:
"Leelo, mto umefika juu kabisa ya skrini.
Nimepandisha chupa za jemu darini,
paka nimemtia kapuni.
Nivae viatu?"

Nafungua kivinjari kwa jicho moja.
Kweli. Mstari wa buluu umepaa
toka pembe ya chini hadi pembe ya juu
kama mtu aliyekurupushwa na nyuki.
Kisha nasoma tarakimu za mhimili wima,
zile ndogo, za kijivu, nilizozififiza mwenyewe
zisimsumbue mtu:
chini, mia moja sabini na moja;
juu, mia moja sabini na nne.

Sentimita tatu, Bibi. Tatu.
Pingili ya kidole gumba.

"Basi mbona umeichora gharika?"

Sikuichora. Niliuacha mhimili ujipimie wenyewe,
nao ni kama mpiga soga:
akipewa habari kiganja
ataitia chumvi mpaka sahani ijae.

Asubuhi naandika: anza sifuri, ishia mia nne.
Naupakia ukurasa upya.
Emajõgi yote ikalala chali, bapa,
mstari ulionyooka kama wa mgonjwa aliyekwisha kata roho.
Toomas akapita na kahawa yake, akasema, "Sasa umetulia."
Umetulia, ndiyo.
Nje theluji inadondoka mapaa kwa mapaa,
Aprili hii imekuja mbio,
na mimi nimemziba mdomo anayetaka kusema.

Alhamisi kihisi cha chini ya daraja kikaganda,
kikatuma tisa tisa tisa tisa,
ndiyo lugha yake ya kusema "sijui".
Chati ikamwamini.
Ikajinyoosha karibu mita mia kwenda kumlaki mwongo,
wiki nzima ya mto ikabanwa sakafuni,
uzi uliosahauliwa kwenye pindo.
Nikamfuta.

Likazuka jingine, kituo cha juu:
tisini na nane imekaa juu ya mia moja na mbili!
Nikakuna kichwa hadi chai ikaota utando.
Kumbe seva ilizituma namba zimevaa alama za kunukuu,
hazikuwa namba tena, zilikuwa maneno,
zikapangwa kama majina ya daftarini,
kwa sura ya mbele tu:
tisa akamshinda moja,
pasipo kuulizwa nyuma wanakuja wangapi.
Nikazivua nguo hizo, moja moja.
Zikarudi kuwa maji.

Na bado.
Chati ilikuwa sahihi, haikuwa na maana.
Bibi aliniuliza neno moja tu kwa simu:
"Mlango wangu uko wapi humo?"

Maji usiyoyafika hujui wingi wake.
Mimi sikuwa nimeyafika.
Nilikuwa nimeyapakua.

Jumamosi nikaenda, na kamba, na pimamaji, na futi ya chuma.
Yeye akashika ncha, buti zikizama topeni,
akinigombeza: vuta, usilegeze, wewe msichana wa ofisini.
Banda la kuni: mia mbili thelathini.
Msumari wa marehemu mumewe, alioupigilia mwaka wa mafuriko: mia mbili tisini na nne.
Kizingiti: mia mbili sitini na nane.

Nikairudia chati usiku huo.
Mhimili nikauanzia mia moja, nikauishia mia tatu,
tarakimu nikazikoleza weusi,
nikavuta mstari mwekundu mmoja kukatiza
na ubavuni nikaandika: Mlango wa Aliide.
Toomas alisema si istilahi rasmi.
Nikamwambia sawa, nikauacha.

Juzi simu ikalia tena, saa nane ileile.
Kabla sijashika kivinjari, akaanza yeye:
"Mia mbili hamsini na moja.
Zimebaki kumi na saba.
Jemu ziko darini, paka anakataa kapu.
Wewe lala."